Manowari yako haitafika Ibo

Mtwara, Jumapili jioni

Sahibu yangu Salumu,

Salaam nyingi. Huku hatujambo. Mama anakusalimu, na anauliza lini utakuja umalizie kile kibanda ulichokianza. Mimi simo.

Tangu tuongee kwenye simu, lile neno lako halijanitoka: eti nchi zetu za pwani hii zichangishane zinunue manowari moja ya maana, msiba ukitokea ije. Salumu, bara kumekukaa kichwani.

Unakikumbuka kimbunga Kenneth, Aprili 2019? Hapa shule zilifungwa, tukaambiwa tuhamie mahali pa juu, tukakesha tunasikiliza upepo. Kikapita kusini, kikaiangukia Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji. Kisiwa cha Ibo, huko huko, kikabaki kuta bila mapaa. Na Ibo ni mikoko na matope. Maji yakitoka hata mashua inalala ubavu, unakunja suruali, unashuka kuikokota. Manowari yako itatia nanga huko nje kwenye kina, ipige honi.

Mwezi mmoja kabla yake kilikuwa kimbunga Idai, kule Beira, Msumbiji hiyo hiyo. Meli za India zilizowahi kufika, Sujata, Shardul na Sarathi, hazikuondoka kwao kwenda kuokoa mtu. Zilikuwa kwenye ziara ya mafunzo, zikageuzwa njia. Zilifaa kwa sababu zilikuwa jirani, na zilikuwa na boti ndogo, chakula, maji ya kunywa na helikopta. Tena Shardul imeundwa kuegemea ufukweni, ifunguke mdomo, mizigo ishuke mchangani. Na mji wa Palma, huko Cabo Delgado, uliposhambuliwa na wanamgambo, Machi 2021, watu zaidi ya elfu moja walipelekwa Pemba ya Msumbiji na Sea Star, meli ya abiria tu! Wengine walijiokoa kwa majahazi.

Ningeulizwa mimi, ningetaka boti nne tano zisizohitaji kina, na meli moja ya wastani ya kuzibebea mafuta na maji. Nyingine zikae hapa, nyingine huko Pemba ya Msumbiji. Injini ziwe za aina moja, maana nimeshaona boti nzima, rangi bado inang'aa, imelala gatini wiki tatu kwa kukosa pini ya pangaboi, lile linalosukuma boti majini. Pini yenyewe haifiki urefu wa kidole! Fundi mwenzangu alitaka kuchonga msumari, wakubwa wakakataa.

Kinachonisumbua zaidi ni nani atasema "ng'oeni nanga". Tanzania, Msumbiji na Afrika Kusini zilitia saini makubaliano ya ulinzi wa bahari mwaka 2012, lakini hayo yaliletwa na maharamia. Kimbunga hakisubiri mawaziri wapigiane simu. Amri ya kuondoka iwe imeshaandikwa, iko kwa nahodha. Lugha haitatushinda: Kimwani cha watu wa Ibo ukikisikiliza siku mbili tatu unakidaka, ingawa redioni utahitaji na mtu wa Kireno.

Haya, nisikuchoshe. Ukipita Kariakoo nitafutie pini mbili za pangaboi, saizi nitakutumia kwenye simu. Hela nitakurudishia ukija, kama mama hajakukamata kwanza.

Wako,
Hamisi