Lengelenge hilo usilitumbue

Rafiki yangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma jana usiku, na tangu hapo mawazo yangu yako kwenye mkono wako. Pole sana. Umesema mvuke wa sufuria ulikuunguza juu kidogo ya kifundo cha mkono, asubuhi ukaamka na lengelenge lenye ukubwa wa sarafu, na sasa unauliza ulitumbue au uliache. Liache. Hata likikukera vipi, usilitoboe.

Ngozi ile iliyoinuka ndiyo kifuniko cha kidonda. Chini yake pabichi, na ngozi mpya inajitengeneza humo taratibu. Ukiitoboa, umevifungulia vijidudu mlango. Mimi nililitumbua la kwangu nilipoungua na pasi, nikaibandua na ngozi yake. Siku chache baadaye kidole kilitunga usaha, nikaishia kumeza dawa, na kovu unalijua, bado liko kwenye kidole gumba. Sitaki nawe upitie hayo.

Likipasuka lenyewe, osha kwa maji safi na sabuni isiyo kali, kausha kwa kugusagusa tu, na ile ngozi iliyolegea iache palepale. Paka mafuta ya mgando kidogo, kisha funika kwa bandeji isiyoganda kwenye kidonda. Pamba usiiweke, nyuzi zake hunasa. Badilisha kila siku, na pia ikilowa au ikichafuka. Maumivu yakikunyima usingizi, parasetamoli inatosha.

Nimesikitika uliposema ulikimbilia dawa ya meno. Silaumu, maana mtu akiungua hushika kilicho karibu. Lakini dawa ya meno haipozi, inachokonoa ngozi iliyokwisha kuumia, na siagi au mafuta ya kula ni vivyo hivyo. Ukishatoka kwenye moto, joto bado limebaki ndani ya ngozi na linaendelea kuiunguza. Cha kuliondoa ni maji ya baridi yanayotiririka, dakika 20 kamili. Angalia saa, kwa sababu dakika 3 tu utaziona nyingi. Hata ukichelewa, ndani ya saa 3 za mwanzo bado yanasaidia. Barafu hapana, nayo huumiza ngozi. Pete, saa na bangili vua mapema, kabla mkono haujavimba.

La kwako naona ni dogo, na nashukuru halikufika kwenye kiungo. Lingekuwa kubwa kuliko kiganja chako, au usoni, au kwenye vidole, ningekuambia uache kusoma uende hospitali. Vilevile kama mahali palipoungua pamekuwa peupe au peusi na hapaumi kabisa: kutouma huko kunatisha kuliko maumivu, kwani moto umefika chini sana. Kuungua kwa umeme au kemikali hakutibiwi nyumbani hata kama alama ni ndogo. Na mwanao yule mdogo akiungua, Mungu apishe mbali, mpoze kwa maji kisha mpeleke, usisubiri uone itakuwaje.

Sasa fanya hivi leo. Chukua kalamu, chora mstari kuzunguka pale wekundu unapoishia. Wekundu ukivuka mstari, au ukaona usaha, harufu mbaya, homa, au maumivu yakaongezeka badala ya kupungua, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Na sindano ya pepopunda ulichomwa lini mara ya mwisho? Kama imepita miaka 10, au hukumbuki, pita uwaulize.

Kwa kawaida malengelenge ya namna hiyo hupona ndani ya wiki 2 hivi, mengine 3. Ngozi mpya ikitoka itakuwa laini, ikinge na jua.

Kesho mchana nipigie picha ya mkono karibu na dirisha, na mstari wa kalamu uonekane. Naisubiri.

Wako akupendaye.