Wito wa harambee: tuleteeni kompyuta zilizokufa

Mbukwenyi ndugu wazazi, wahitimu wetu, waumini, wenye steshenari, mafundi wa mitaani na wakuu wa ofisi mlioko Dodoma, Chamwino, Bahi, Kongwa na Mpwapwa.

Chuoni kwetu, kozi ya kufunga, kutunza na kutengeneza kompyuta ina wanafunzi 24 na kompyuta 7. Zote saba ni nzima, na tatizo liko hapo hapo. Mwanafunzi anayekalishwa mbele ya mashine nzima anajifunza kuitumia tu. Isitoshe, saba hizo ndizo zinazofundishia uchapaji, kwa hiyo hakuna anayeruhusiwa kuzichezea. Mwalimu hufungua moja, wengine wanachungulia mabegani. Mwaka unaisha mtu ameshaandika daftari zima kuhusu ramu, kile kijiti cha kumbukumbu ya muda, lakini hajui kwa mkono wake inabanwa kwa nguvu kiasi gani mpaka klipu ilie.

Tunaomba vitu viwili. Cha kwanza ni kompyuta mbovu, zile zilizolala stoo chini ya maboksi. Cha pili ni fedha za kununua vitu visivyoweza kupatikana stoo kwa mtu. Tumeanza na mashine mbovu makusudi, kwa sababu ndizo zinazotupungukia zaidi.

Chukueni kilio ambacho kila fundi hukisikia: "haiwaki". Kinabeba maana nne. Kuna mashine isiyoonyesha dalili yoyote, si taa wala feni. Kuna inayozungusha feni huku skrini ikiwa nyeusi. Kuna inayowaka dakika tatu ikajizima. Na kuna inayofika kwenye nembo ya kampuni ikagoma hapo. Ya kwanza ni kesi ya umeme, ya pili mara nyingi ni ramu, ya tatu ni joto au kapasita (vifaa vidogo vinavyohifadhi umeme) zilizovimba, ya nne ni diski au programu. Fundi aliyekaririshwa anazijibu zote kwa neno moja, "madabodi imekufa", yaani ule ubao mkuu unaounganisha vyote, na mwenye mali anaingia gharama ya mashine nyingine wakati yake ilihitaji kufutwa vumbi tu.

Ile isiyo na dalili yoyote hufuatwa hatua kwa hatua, bila kuruka. Soketi ya ukutani ijaribiwe kwa chaja ya simu. Kisha eksitensheni, kisha waya wa umeme, kisha swichi ndogo iliyo nyuma ya pawa saplai (kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta), ambayo husogezwa na mfagio bila mtu kujua. Hapo ndipo kasha linafunguliwa. Umeme ukiwa umechomolewa, plagi kubwa ya matundu 24 hutolewa kwenye madabodi, waya wa kijani huunganishwa na mweusi wowote kwa kipande cha waya, feni moja au diski chakavu huachwa imechomekwa ili pawa saplai iwe na kazi ya kufanya, ndipo umeme unarudishwa. Feni ikizunguka, malitimita, yaani kipimo cha umeme, inachukua nafasi yake: waya wa njano usome kati ya volti 11.4 na 12.6, mwekundu kati ya 4.75 na 5.25, wa chungwa kati ya 3.14 na 3.47. Wa zambarau unapaswa kuwa na volti 5 hata mashine ikiwa imezimwa, mradi iko kwenye umeme. Ukikosekana huo, hakuna haja ya kuigusa madabodi kwanza. Baadhi ya mashine za ofisini zina plagi zao zisizofuata rangi hizi, na mwanafunzi lazima akutane nazo hapa kabla hajakutana nazo kwa mteja. Pawa saplai yenyewe haifunguliwi darasani. Umeme wetu wa volti 230 ukishageuzwa mle ndani unapanda hadi kama volti 325, na kapasita zake hubaki nao kwa muda hata waya ikishachomolewa.

Zoezi hilo haliwezi kufanywa kwa pawa saplai nzima peke yake. Inatakiwa iliyokufa kabisa, inayotoa volti 10.8 badala ya 12, na inayosoma vizuri ikiwa tupu lakini inaanguka ikipewa mzigo. Hizo tatu haziuzwi dukani. Ziko majumbani mwenu na maofisini mwenu.

Ramu nayo ni hivyo hivyo. Skrini nyeusi na milio ya kujirudia mara nyingi humaanisha vibamba vya ramu vimeshika uchafu. Mashine huchomolewa, kitufe cha kuwashia hubonyezwa sekunde kadhaa ili umeme uliobaki uishe, ramu hutolewa, vile vibamba vya dhahabu husuguliwa taratibu kwa raba nyeupe ya penseli kisha hupanguswa kwa spiriti. Hurudishwa moja moja, tundu moja moja, ili ijulikane mbovu ni ramu au ni tundu. Anayelazimisha ramu ya DDR3 yenye pini 240 kwenye tundu la DDR4 lenye pini 288 atavunja tundu, maana mkato wake uko mahali tofauti. Tungependa kosa hilo litokee hapa, kwenye madabodi iliyokwisha kufa, lisitokee kwa mteja Nkuhungu.

Kuna hitilafu nyingine ndogo inayowala watu fedha nyingi: betri ya saa, ile bapa ya CR2032 ya volti 3. Ikichoka, saa ya kompyuta inarudi nyuma miaka mingi kila mashine inapozimwa, na tovuti zinaanza kukataa kufunguka kwa sababu vyeti vyao vya usalama vinaonekana bado havijaanza kutumika. Mteja anaambiwa mashine ina virusi, anapigiwa Windows upya, analipa, na kesho yake ugonjwa uko pale pale. Betri hiyo hubadilishwa kwa dakika mbili.

Sasa Dodoma yenyewe. Wenyeji hatuhitaji kuelezwa upepo wa kiangazi unavyobeba vumbi. Mvua zikikata kuanzia Mei mpaka karibu Desemba, hakuna dirisha linalolizuia. Ndani ya kompyuta vumbi hujipanga kati ya mapezi ya chuma yanayopozea prosesa (chipu kuu ya kompyuta), likawa kama blanketi. Feni inazunguka kwa kelele lakini hewa haipiti. Prosesa hupunguza mwendo kwanza ili kujilinda, kisha ikikaribia nyuzi 100 mashine inajizima. Kusafisha kuna kanuni: blowa itumike nje ya chumba, na feni ishikwe kwa kidole isizunguke, kwa sababu ikizungushwa kasi kupita kiasi beringi zake huharibika. Pesti ya prosesa iliyokauka ifutwe yote kwa spiriti, na mpya iwekwe tone la ukubwa wa choroko. Wengi hupaka kama siagi kwenye mkate, wakidhani ikizidi ndiyo inapoza. Inayozidi inachuruzika pembeni.

Ukavu huo huo wa hewa huleta umeme tuli. Mtu akivua sweta asubuhi ya Julai akasikia cheche, huo umeshafika maelfu ya volti. Kwa kawaida mwili hausikii chochote chini ya volti kama 3,000, ilhali chipu inaweza kuumia kwa kiasi kidogo sana kuliko hicho. Ubaya wake ni kwamba ramu iliyopigwa hivyo si lazima ife papo hapo. Huweza kufanya kazi miezi, ikianza kuganda ganda bila mpangilio. Kinga ni mkanda wa mkononi wenye rezista ya megaomu 1, uliounganishwa na ethi, yaani njia ya umeme kwenda ardhini. Na ethi ya kweli kwenye udongo mkavu wa huku haipatikani kwa nondo fupi iliyochomekwa juu juu, maana udongo ukikauka haupitishi umeme vizuri. Kwa hiyo sehemu ya fedha tunazoomba itaingia ardhini: nondo za ethi zilizoshuka vya kutosha, zilizopimwa na fundi umeme mwenye leseni wakati wa kiangazi, siyo siku ya mvua. Kitu hicho hakionekani kwenye picha ya uzinduzi, lakini bila hicho mikanda 12 ni mapambo.

Vitu vya kununua ni hivi. Wanafunzi watakaa wawili wawili, meza 12. Kila meza inahitaji malitimita moja ya dijitali, seti moja ya bisibisi zenye vichwa vya nyota vikubwa na vidogo, mkanda mmoja wa mkononi na mkeka wake, flashi moja ya GB 16, na diski moja ya SSD, ile ya chipu isiyo na sahani zinazozunguka, ya GB 240. Karakana nzima inahitaji blowa 2, mashine 3 za kupimia pawa saplai, betri za CR2032 50, pesti ya prosesa mirija 20, spiriti ya asilimia 99 lita 5, pasi za kulehemu 4, UPS 2 (betri za akiba umeme ukikatika) za meza ya mwalimu na kompyuta inayohifadhi programu za kusimika, boksi moja la waya wa mtandao la mita 305, koleo 6 za kubania plagi zake, na breka ya kukata umeme ukivuja, ya miliampia 30. Bei tulizopewa na maduka zimeandikwa kwenye kadi ya mchango, kifaa kwa kifaa, kwa hiyo anayetaka kutoa malitimita moja anaweza, na ukoo unaotaka kubeba meza nzima unaweza. Stakabadhi hutolewa kwa kila shilingi, na kila kifaa kitapewa namba, na orodha yake itabandikwa kwenye ubao wa matangazo wa chuo.

Kwa mashine mbovu tunalenga za mezani 30 na laptopu 10. Wakati wenyewe ni mzuri. Tangu tarehe 14 Oktoba 2025 Windows 10 haina tena huduma ya kawaida ya masasisho, na Windows 11 inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa za kizazi cha 8 kwenda mbele. Ofisi nyingi zinaondoa mashine zilizo imara kabisa kwa sababu hiyo tu. Mashine kama hizo, zikiongezwa ramu zifike GB 8 na zikiwekewa SSD, zinaendesha Linux, mfumo mwingine badala ya Windows, vizuri, na zile zitakazopona mikononi mwa wanafunzi zitaingia darasa la uchapaji. Tunajua ofisi za umma zina utaratibu wake wa kuondoa mali chakavu. Hatumwombi mtu auruke. Tunaomba mtukumbuke mnapouanza.

Msilete laptopu yenye betri iliyovimba kabla ya kuzungumza nasi. Isichajiwe, isitobolewe, isibanwe ndani ya begi kwenye basi. Iwekwe mbali na vitu vinavyoshika moto, na mwalimu ataelekeza namna ya kuifikisha. Televisheni za chogo na printa hazituhusu katika kozi hii. Na kila mashine ije na barua fupi ya makabidhiano yenye namba yake ya utambulisho na jina la mtoaji, ili asije akafundishiwa mtu kwa mali ya wizi.

Kuhusu siri zenu: mwenye wasiwasi achomoe diski abaki nayo, mashine tutaipokea hivyo hivyo. Diski zitakazobaki ndani, za sahani zitaandikwa upya juu ya data yote kwa mzunguko mzima mara moja, na SSD zitafutwa kwa amri yake maalumu, maana kuandika juu ya SSD hakufikii kila sehemu yake. Iliyokufa kiasi cha kutofutika itatobolewa kwa drili mbele ya mjumbe wa kamati. Kufuta faili na kumwaga kikapu cha taka hakutoshi. Data inakuwa bado ipo.

Mapokezi ni karakana ya chuo, siku za kazi, saa mbili asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri. Walio Kongwa na Mpwapwa wakikusanya mashine tano au zaidi mahali pamoja, gari la chuo litazifuata. Kadi za mchango ziko kwa katibu wa kamati na kwa viongozi wa jumuiya.

Ombi dogo kwa kila atakayeleta mashine: bandikeni juu yake kipande cha karatasi. Andikeni ilikuwa inafanya nini ilipozima, umeme ulikuwa umekatika na kurudi au la, ilitoa mlio au harufu gani, na kama kuna fundi alishaifungua, alibadilisha nini. Wanafunzi wataisoma karatasi hiyo kama wanavyomsikiliza mteja, kabla hawajashika bisibisi. Na tafadhali msiifute vumbi wala msiifungue, isipokuwa kwa kuchomoa diski. Ileteni kama ilivyo.