Boksi la askari wangu lisiende kwenye buti

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua niseme habari ya mzigo ambao wafanyakazi wa mabasi yetu bado hawajauzoea, na vijana wetu wachache walioanza kuupenda bado hawajui kuufunga: visanamu vya mchezo wa vita vya mezani.

Mimi ni mzaliwa wa Chumbageni, Tanga. Kwa miaka 19 sasa naishi Nottingham, Uingereza, nafanya kazi ya ghalani. Mji ule ndio nyumbani kwa mchezo huu. Watu wa Games Workshop, kampuni iliyotoa mchezo wa Warhammer mwaka 1983, wana makao yao makuu pale, na kuwazunguka kuna kampuni ndogo ndogo za kuchonga na kumimina visanamu, hata wachezaji wakaliita eneo lile Ukanda wa Risasi, kwa sababu ya yale madini ya risasi yaliyokuwa yakimiminwa zamani. Jioni moja mwenzangu wa zamu alinipeleka kutazama. Tangu siku hiyo sijaacha.

Wenzangu wengi hucheza vita vya Napoleon, au vya mazimwi ya kubuni. Mimi nilichagua vya kwetu: mapigano ya Tanga ya Novemba 1914. Waingereza walileta kutoka India kikosi cha watu wapatao 8,000, wakakishusha upande wa Raskazone, wakakutana na jeshi la Wajerumani la watu kama elfu moja, wengi wao askari Waafrika. Walishindwa. Tarehe 5 walikuwa wamerudi melini, wameacha nyuma bunduki, bombomu (yaani bunduki za rashasha) na risasi laki sita. Habari ya nyuki waliovamia watu vitani nadhani kila mtoto wa Tanga ameisikia kwa bibi yake.

Nimewapaka rangi watu hawa kwa mkono kwa majira matatu ya baridi, visanamu 214 vya milimita 28. Askari mzima ni kama pingili moja ya kidole gumba. Wapo askari wa tarbushi iliyovishwa kaki na kitambaa cha kukinga shingo, wapo Wahindi wenye vilemba. Kwa kuwa askari wengi wa Wajerumani walikuwa bado na bunduki za mwaka 1871 za baruti yenye moshi mwingi, mbele ya mitutu yao huweka vipande vya pamba, na mezani huonekana kabisa nani anapiga kutoka wapi. Na wapo wapagazi 40. Hao ndio niliowafanyia kazi kwa uangalifu kuliko wote, kwa sababu babu yake mama yangu alichukuliwa Muheza kubeba mizigo ya jeshi na hakurudi. Kariakoo imepata jina kwa wapagazi wa Waingereza, Carrier Corps. Na Sanamu ya Askari pale Samora, iliyozinduliwa 1927, maandishi yake yanawataja wapagazi kuwa ndio miguu na mikono ya jeshi. Watu wanapita pale kila siku bila kusoma.

Novemba iliyopita niliwaleta nyumbani, ili wanafunzi wa sekondari moja mjini Tanga waicheze vita hiyo karibu na mahali ilipopiganwa.

Kwenye ndege hakikuharibika kitu. Nilibeba boksi kama begi la mkononi, likakaa kwenye kabati la juu ya kiti changu. Kwenye mashine ya ukaguzi visanamu vya metali vilivyosongamana huonekana kama doa jeusi moja, kwa hiyo maofisa walitaka kuona ndani, na hilo ni haki yao. Nilichofanya, na nawashauri wengine wafanye, ni kuwaambia mapema ni nini na kuomba nifungue mwenyewe. Trei ya juu ilikuwa na picha ya vyote vilivyomo. Dakika tatu tukamaliza. Kisu cha kukatia kilikuwa kwenye begi kubwa, chupa za rangi pia.

Uharibifu ulinikuta kati ya stendi ya Mbezi, Dar, na stendi ya Kange, Tanga. Jina la basi silitaji, kwa kuwa lingeweza kuwa lolote. Nilipanda na boksi mkononi, kondakta akasema haliwezi kukaa ndani, liende kwenye buti. Nikamweleza kuna vitu vya kuvunjika. Akaniandikia kwa kalamu ya wino mzito, DHAIFU, akalishusha yeye mwenyewe kwa adabu kabisa. Chalinze walipakia viroba vya misumari. Nilisikia vikigonga mbao za chini, nikanyanyuka, nikaambiwa, "Mzee kaa, mzigo wako uko salama." Baada ya hapo ni matuta. Aliyesafiri njia ya Segera anayajua: basi linapunguza, linapanda, linadondoka, na kila likidondoka kilicho ndani ya boksi kinaruka.

Nyumbani kwa dada yangu tulifungua boksi juu ya mkeka. Lilikuwa limelazwa ubavu, kona moja imebonyea. Singe zimepinda, mikono imekatika kwenye vifundo, pua za watu zimebaki nyeupe. Nilihesabu 61. Binti wa dada, ana miaka 11, alileta sahani ya chai akaanza kuokota vipande kimoja kimoja kwa ncha ya kidole kilicholowana mate. Akamshika mpagazi mmoja, mikono yote miwili imeinuliwa juu ya kichwa, lakini kichwani hapana kitu. Akaniuliza, "Mjomba, mzigo wa huyu uko wapi?" Tuliutafuta mpaka taa ikawashwa. Ulikuwa umeingia ndani ya sponji, umejichimbia kama kupe.

Usiku ule niliyatazama yale matrei ya sponji kwa makini nikaelewa kilichotokea. Viroba vilibonyeza kona moja tu. Vingi katika vile 61 vilivunjwa na uwazi: juu ya trei ya tatu palibaki nafasi ya vidole viwili, nami sikuijaza kwa sababu kwenye treni ya kwenda kwenye maonyesho ya Salute, London, na kwenye gari la kwenda Newark, uwazi ule haukuwahi kunidhuru. Boksi lilipolazwa ubavu, kila kisanamu kilitoka kwenye shimo lake kikakutana na jirani yake. Na hata kisipovunjika, sponji humsugua askari kama msasa safari nzima, ndiyo maana ncha zote, pua, vifundo na vitako vya bunduki, zilikuwa zimechubuka.

Kwa hiyo kwa kijana anayeanza, awe Dar, Nairobi au Arusha, neno langu ni hili: usimfunike askari, mshike miguu. Gundisha sumaku chini ya kibao anachosimamia, na chini ya boksi tandika kipande cha bati. Akiwa ameshikwa hivyo hagusani na mwenzake wala hagusani na kitu chochote, na rangi yake haina cha kuisugua. Bati la kuezekea linafaa kwa kuwa ndani yake ni chuma. Alumini haishiki, kwa hiyo nenda dukani na sumaku mfukoni. Kopo kubwa la biskuti linafaa vilevile kwa kikosi cha watu kumi na tano. Kwetu pwani chumvi inakula bati haraka, basi lipake rangi sehemu zilizokatwa.

Sumaku nilizipata Ngamiani kwa fundi wa mafriji. Ule mpira wa mlangoni una utepe wa sumaku ndani yake. Fundi alinipa milango miwili mibovu bila kunitoza hata senti, na mimi na mpwa wangu tukaupasua mpira kwa wembe, tukatoa utepe, tukaukata vipande vya sentimita mbili. Kwa visanamu vya plastiki unatosha kabisa. Vya metali ni vizito, vinataka zile sumaku ndogo za kung'aa zenye nguvu, na hapo nawasihi wenye watoto wadogo: zisizagae. Mtoto akimeza mbili zinatafutana tumboni na kubana utumbo katikati, na huo ni ugonjwa wa kupasuliwa.

Ukishamaliza kupanga, funga boksi, ligeuze juu chini, litikise huku ukihesabu mpaka ishirini. Fungua. Aliyeanguka mwongezee sumaku. Mimi sasa naligeuza kila boksi namna hiyo mbele ya macho yangu kabla halijatoka mlangoni, na bunduki ndefu na bendera huzipanga zikitazama ndani, mbali na ukuta wa boksi.

Mengine ni madogo. Vanishi ipakwe mara mbili, kwanza ile ya kung'aa ambayo ni ngumu, kisha ile ya kufifisha mng'ao. Visanamu vya rezini, aina ya plastiki ya kumimina, visiachwe ndani ya gari juani. Mtutu unapinda kama mshumaa. Ukipinda, utumbukize kwenye maji ya moto, unyooshe taratibu, kisha maji ya baridi, nao utakaa. Nyumba na minazi ya mezani nilikuwa nikiifunga kwa mifuko ya plastiki, lakini mifuko hiyo imepigwa marufuku Tanzania tangu 1 Juni 2019, nikahamia kwenye khanga kuukuu za marehemu mama. Zinashika vizuri kuliko mifuko.

Wanafunzi waliicheza vita, lakini kwa jeshi pungufu. Mimi na mpwa wangu tuliunga kwa gundi tulichoweza kwa usiku mbili, na waliobaki, zaidi ya kikosi kimoja cha Wahindi, walibaki kwenye sahani. Kijana mmoja wa kidato cha tatu alisimama muda mrefu upande wa wapagazi, akauliza kwa nini hawana bunduki na kwa nini ni wengi hivyo. Tuliongea habari zao kuliko habari za majenerali, na hiyo ndiyo sababu nilitoka nao Nottingham.

Sitafuti fidia. Tiketi imeandikwa wazi kuwa mzigo ni juu ya mwenyewe. Ninachoomba kwa wenye mabasi ni kidogo. Boksi langu ni sentimita 40 kwa 30, halizidi mtoto wa kupakatwa, na abiria wa kiti cha jirani hawezi kubughudhiwa nalo. Wapo wengine wenye mizigo ya namna hii: fundi wa saa, mpeleka keki ya harusi, mwanafunzi wa usanifu na nyumba yake ya karatasi. Tulipoomba kupakata tulikataliwa, na mimi nilipoomba kulipia kiti cha pili kwa nauli kamili niliambiwa mfumo wa tiketi haukubali mzigo kuwa na jina.

Novemba hii narudi Tanga, na wapagazi wote 40 wana mizigo yao. Naomba makampuni ya mabasi yatujibu kupitia ukurasa huu: mtu akitaka kumlipia kiti boksi lake, alipie kwa jina gani?

Mzaliwa wa Chumbageni, Tanga,
Nottingham, Uingereza