Mwenye eda hapelekewi shada: barua kwa mwanangu

Chake Chake, Pemba

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Ama baada ya salamu, mimi sijambo, goti tu ndilo linalonihesabia miaka kila nikipanda ngazi. Sauti uliyonitumia nimeisikiliza mara mbili, mara ya pili nimekwenda kukaa barazani ili mdogo wako asinione ninavyocheka. Usikasirike. Nimecheka kwa kuwa nimekuona wazi: umesimama kwenye duka lako la maua hapo Michenzani, mjini Unguja, shada la mawaridi mekundu limerudishwa mezani na kadi yake haijafunguliwa, na kijana aliyelilipia anakuuliza amekosa nini.

Amekosa kwa kuwa shangazi yake yumo edani. Miezi minne na siku kumi mwanamke aliyefiwa na mume hajipaki manukato, hajipambi, hata asumini halitii kichwani. Sasa anagongewa mlango, anakabidhiwa mawaridi yamefungwa utepe wa dhahabu! Hata mimi ningeyarudisha. Na kuhani, yaani kumpa mfiwa pole, hakuendi kwa kadi, mama. Kuhani ni miguu. Unakwenda, unavua viatu, unakaa jamvini, unanyamaza na wenzako, na ukiondoka unamtia mkononi ubani wako, ile fedha ya rambirambi, umekunjwa usionekane ni kiasi gani. Mwenye nafasi hupeleka mchele au sukari. Kijana yule mrudishie fedha zake japo nusu, umwambie aende mwenyewe.

Umeniuliza kama basi duka lako lina kazi gani hapa kwetu, ikiwa msiba hauna maua. Lina kazi nyingi. Ila umelipanga kwa macho ya kule ulikosomea, ambako ua huwekwa mezani likatazamwa. Sisi ua tunalivaa. Tunalitia nyweleni, tunalibana kifuani, tunalitandaza kitandani kwa bibi harusi, tunalisaga kwenye singo likamsugua mwili mzima. Ndiyo maana hayo mawaridi yenu ya Arusha hayanishtui. Mazuri, sikatai, yana shina refu na yanakaa siku nyingi kwenye maji. Lakini ninusishe! Walioyazalisha walitafuta ua la kudumu na kusafiri, harufu ikaachwa njiani.

Kikuba unakijua, kile kishada cha kubana kifuani, umekilalia kifuani kwangu ukiwa mtoto: mrehani, asumini, kipande cha mkadi, na waridi moja la kwetu likipatikana. Ukiuza vikuba kila Alkhamisi jioni, wanawake watakuja, nakuahidi. Lakini asumini ina saa zake. Unachuma vitumba alasiri vikiwa bado vimefumba, unatunga kabla ya Magharibi, na ikifika Isha vinafumbuka vyenyewe juu ya mvaaji. Ukingoja asubuhi unachuma ua lililokwisha sherehe. Hili nimelilipia mwenyewe, unakumbuka ile harusi uliyoniomba makoja kumi? Nilikuwa na haraka ya kuwahi meli ya Mkoani, nikachuma asubuhi, nikayafungia kwenye kopo la plastiki lenye kifuniko. Yalikufikia rangi ya chai ya maziwa. Bibi harusi alilia, na wewe ukaniambia yamefika salama. Nimejua baadaye kwa watu. Kwa hiyo asumini usiagize kwangu, tafuta mtu wa shamba huko huko Unguja, akuletee jioni ndani ya jani la mgomba lililorowa.

Kutoka Pemba nikuletee mkilua, ule mti wetu wa maua ya harufu. Mpwa wangu anayesoma SUZA, chuo kikuu cha taifa cha Zanzibar, kaniambia wataalamu wa mimea walipoutafutia jina la vitabuni waliuita Mkilua fragrans, yaani neno letu lenyewe wakalichukua wakaliandika na herufi kubwa. Nilifurahi siku hiyo kama niliyepewa mimi jina. Kilua, ndilo ua lake, ukikiona hukidhanii kitu, kimeinama, cha manjano manjano, kama kinaona haya. Kitie kwenye pindo la kanga, uingie nacho ndani, uone nani atakuuliza umejipaka nini.

(Mwaka huu karafuu zimebeba, alhamdulillahi, na jamvi limejaa uani. Nilimwambia mdogo wako juzi, sisi Wapemba tunakula kwa ua ambalo haturuhusu lichanue. Likichanua bei imekwenda. Hakunisikiliza, alikuwa na simu.)

Sasa kadi. Hizo zilizokwisha kuandikwa ndani sizipendi, na si kwa sababu ni za Kiingereza. Mtu ananunua maneno ya mtu mwingine, anatia sahihi, amemaliza. Marehemu baba yako alipokuwa Maskati aliniletea kadi ya Idi yenye picha ya msikiti, na ndani mchapaji alikuwa ameshasema yote. Nyuma yake, kwa kalamu iliyokuwa ikiisha wino, akaandika: "Mwembe umezaa?" Picha ya msikiti imeshapauka. Lile swali ninalisoma mpaka leo. Weka kadi tupu, weka kalamu nzuri imefungwa kwa uzi isichukuliwe, na mteja akikwama msaidie kwa kumuuliza habari za huyo anayemwandikia.

Tena kadi tunayo tangu zamani, ni jina la kanga, yale maneno yaliyoandikwa juu yake. Bibi yangu alikuwa na kanga yenye jina kwa herufi za Kiarabu, na waliosoma chuoni wakilisoma bila taabu. Weka doti chache dukani. Mtoto akija kutafuta zawadi ya mama yake, mpe "Nani kama mama", ndani yake ukunjie vilua viwili, basi. Lakini usiuze kanga bila kumsomea mnunuzi jina lake kwa sauti. Nilipokuwa mwali, shoga yangu alininunulia kanga kwa rangi tu, nyekundu na nyeusi, nikaivaa kwenda kwa mavyaa, mama wa mume wangu. Imeandikwa "Hasidi hana sababu". Bibi wa watu aliisoma nilipompa mgongo kuchota maji, na ilinichukua Ramadhani nzima kumrudisha.

Kwa mgonjwa usipeleke asumini ila umeulizia, maana kichwa kinachouma hakitaki harufu kali. Kwa mtoto mchanga, uulize waliozaa wanapenda nini. Kwa maulidi ya Mfungo Sita hakikisha una marashi ya mawaridi ya kutosha, watu watakuja usiku wa mwisho kama kawaida yao.

Miche miwili ya mkilua nimeitia kwenye pakacha, anakuletea binti wa jirani siku ya Ijumaa. Iweke chini ya ule mwembe nyuma ya nyumba, mkilua ni mti wa kivuli, jua la mchana litauunguza. Naye ukimpata akirudi, mpe uzi mweupe wa pamba mabunda matatu. Ule wa nailoni ulionipa unakata vikonyo.

Mama yako