Kulinda boma sawa, lakini kuvuka mto?

Mhariri,

Nimesoma barua ya msomaji wako anayesema ati sisi Wamarakwet hatuna njia ingine ila kuvuka mto Kerio tuwalipize majirani wetu Wapokot kwa wizi wa ng'ombe na mauaji mpaka washike adabu. Mimi ni Mmarakwet, nimezaliwa karibu na Tot, hapa Bonde la Kerio, na hasira yake naielewa kabisa juu sisi ndio tulizika watu Murkutwa mwaka wa 2001, zaidi ya 50 kwa shambulio moja, wengi wao akina mama na watoto, halafu Mei 2025 padri wetu akapigwa risasi hapa hapa bondeni. Kwa hivyo asidhani naandika nikiwa nimekaa Nairobi nakunywa chai.

Mtu akivamiwa usiku, watoto wamelala, na polisi watafika kesho jua likiwa utosini, huyo akishika bunduki alinde boma lake mimi simlaumu, na hakuna mtu atanifanya nimlaumu. Kile nakataa ni ile safari ya siku ya pili, ya kuvuka mto kulipiza kisasi.

Hiyo siku ya pili naijua. Tulikuwa chini ya mwembe, vijana wamekaa na bunduki magotini, mmoja hata ndevu hajaota, miaka kumi na nne hivi, na ndiye alikuwa anapiga kelele kuliko wote. Mzee mmoja akawauliza, hao ng'ombe mnaenda kuchukua ni wa nani? Wakajibu ni wa Pokot. Akasema hapana, nipeni jina la mwenyewe. Kimya. Hakuna aliyejua, na bado wakaenda. Jioni wakarudi na mbuzi kama thelathini na stori ya mchungaji waliyemwangusha huko ng'ambo, kijana mdogo tu, rika la yule wetu.

Sasa huyo mchungaji aliiba nini? Aliyechukua ng'ombe wetu hakuwa analisha mbuzi, juu siku hizi mnyama akiibwa usiku asubuhi ako kwa lori anapelekwa kuchinjwa mjini, kuna mtu ananunua na mwingine anahesabu pesa, na hao wote risasi ya kisasi haiwafikii hata siku moja.

Msomaji anasema serikali imeshindwa. Hapo tuko pamoja, jeshi lililetwa Februari 2023 na operesheni ikaitwa Maliza Uhalifu na bado tunazika. Lakini hizi bunduki tuko nazo tangu enzi za Idi Amin kuanguka kule Uganda 1979, wakati ghala la silaha la Moroto, huko huko Uganda, lilivunjwa zikasambaa mpaka huku kwetu, na miaka yote hiyo tumelipizana, wao wakilia wameibiwa na sisi tukilia tumeuliwa. Nani ameshika adabu? Kile naona ni maembe yakioza chini juu madereva wa lori wanaogopa kuingia bondeni, na shule zikifungwa katikati ya muhula.

Shangazi yangu aliolewa ng'ambo, upande wa Kolowa, kabla mimi sijazaliwa, na wajukuu wake ni Wapokot. Kila risasi zikilia usiku ananipigia asubuhi kuuliza ni nani ameumia kwetu, nikishamjibu namuuliza na wao je, halafu tunanyamaza wote wawili tukiwa kwa simu.

Msomaji wako, Bonde la Kerio