Rozi za ukutani msizinyoe jamani

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo, hili jambo nimekaa nalo moyoni muda mrefu sasa. Kila nikipita mitaa ya huku kwetu Arusha naona rozi za kutambaa kwenye fensi za watu, zina afya kabisa, lakini zimenyolewa juu sawasawa kama mchongoma, ua hata moja hamna, halafu mwenye nyumba anakwambia udongo mbaya au muuza miche kamtapeli. Udongo huu wetu wa volkano uwe mbaya kwa rozi kweli? Si hapo Usa River tu walilima miaka mingi rozi zikipanda ndege kwenda Ulaya? Shida ni mkasi.

Mimi nilinunua miche miwili mwaka 2019 kwa wale wauza miche wa kando ya barabara, na fundi wangu wa bustani alikuwa ametoka kufanya kazi kwenye shamba la maua, basi nikamwachia kila kitu. Na kazi anaijua, ila anachokijua ni rozi ya kukata, ile inayotakiwa itoe ua moja kwenye kijiti kirefu kilichonyooka, ukikata inachipua na ua linakuja juu ya chipukizi jipya. Ya kutambaa inaenda tofauti. Yenyewe inajenga kwanza fimbo ndefu, mita mbili tatu hata nne, na maua yanakaa kwenye vijitawi vifupi vinavyotoka ubavuni mwa hizo fimbo, sasa kama kila mwezi unaikata fimbo hicho kijitawi kitatokea wapi? Miaka miwili nimeangalia majani.

Nikamzuia asikate, zikarefuka, zikaenda juuu, maua yakatoka manne matano kule kileleni wanayaona majirani tu. Aliyenionyesha ni mama mmoja mtu mzima tunasali naye, alikuja nyumbani akaniuliza mbona fimbo zako umezisimamisha? Akazishika moja moja akazilaza pembeni kama mtu aliyenyoosha mikono, akazifunga kwenye waya. Baada ya kama miezi miwili kila jicho, yaani kile kifundo kinachochipua, kwenye zile fimbo lilikuwa limetoa kijitawi na kila kijitawi kina kichala chake cha maua, yaani kuanzia usawa wa goti mpaka juu ya ukuta. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba ncha ya fimbo iliyosimama inatoa homoni inayoshuka chini na kuyazuia macho mengine yasiamke, ukiilaza ile nguvu ya ncha inapungua na macho yote yanapata nafasi. Ila laza fimbo ikiwa bado changa, ikishakomaa inavunjika, hiyo ishushe kidogo kidogo kwa wiki mbili hivi. Funga na kamba ya katani au kipande cha kanga kuukuu, legeza, usitumie waya mtupu maana shina likinenepa unakata ganda lake. Na waya wa ukutani uachie upenyo kidogo nyuma hewa ipite.

Kukata kupo, sikatai. Miaka miwili ya kwanza toa tu vilivyokauka. Baada ya hapo vijitawi vilivyomaliza maua fupisha mpaka macho mawili au matatu, na kila mwaka toa fimbo moja iliyozeeka sana kutoka chini kabisa ili mpya ipate nafasi. Angalia pia machipukizi yanayotoka chini ya pale mche ulipobebeshwa, yaani ulipounganishwa na shina la rozi pori, hayo ni ya ile rozi pori ya chini, yang'oe mapema la sivyo yatameza mche mzima.

Kuhusu magonjwa, masika ndio mtihani. Yale madoa meusi na majani kuwa manjano ni ukungu, unataka majani yakae na maji masaa mengi, kwa hiyo wanaomwagilia jioni kwa mpira juu ya majani wanaukaribisha wenyewe. Mwagilia asubuhi, chini kwenye shina, na majani yaliyoanguka okota uchome, usiyatupe kwenye mboji. Ule unga mweupe wa Juni na Julai, wenzetu wa korosho wanauita ubwiriunga, salfa inausaidia lakini usipulize jua likiwa kali utaunguza majani. Vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza machipukizi, wapige na maji ya mpira tu asubuhi, sumu inaua na wale wadudu wanaowala. Mbolea weka samadi iliyooza vizuri, urea iacheni, inaleta majani mengi laini ambayo ndio vidukari wanayapenda na maua hakuna.

Wauza miche nawaomba, mtu akinunua ya kutambaa mwambieni pale pale kwamba hii hainyolewi, ni sentensi moja tu. Na wewe mhariri, kurasa za kilimo mahindi na nyanya tunasoma kila wiki na tunashukuru, siku moja moja mtuwekee na maua, kuna akina mama wengi wanasomesha watoto kwa miche hii.

Masika iko mlangoni. Kama fundi wako anakuja Jumamosi na mkasi mwambie fensi afyeke ila rozi aiache, akuletee kamba badala yake.

Msomaji wako,
Mama mpenda bustani, Arusha