Mbwa akiharisha, asipewe vidonge vya binadamu

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi niwaambie wenzangu wafugao mbwa hapa Kisumu, ambako mabaki ya samaki hayakosekani jikoni, kwamba tumbo la mbwa likichafuka kidogo halitibiwi kwa vidonge vya binadamu. Jirani yangu, kwa nia njema kabisa, alimsagia mbwa wake dawa ya maumivu ndani ya uji. Ibuprofeni humsababishia mbwa vidonda vya tumbo na kumharibu figo, na parasetamoli inaweza kumharibu ini.

Mwezi uliopita mbwa wangu, ambaye ni mkubwa na amechanjwa, alipindua pipa la taka akala mabaki ya mbuta. Usiku alitapika mara mbili na kuharisha, lakini bado alikuwa akitikisa mkia na kutaka maji. Nilimnyima chakula hadi asubuhi, nikawa nampa maji kidogo kidogo, kwa sababu akiyagugumia yote hurudi. Kisha nilimpikia wali na kuku aliyechemshwa bila ngozi, mifupa wala chumvi, nikaugawa mara nne kwa siku. Siku ya tatu nikaanza kuuchanganya na chakula chake cha kawaida. Mchuzi sikuutia, maana vitunguu huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Maziwa pia sikumpa, ijapokuwa wazee wetu husema hupoza tumbo, kwani mbwa wengi wakubwa hawawezi kuyameng'enya vizuri na uharo huzidi.

Mtoto wa mbwa hashindishwi njaa hivyo, kwa kuwa huishiwa nguvu upesi. Akiwa hajachanjwa, naye anatapika na kuhara damu yenye uvundo, huenda ni pavo, ugonjwa hatari wa virusi unaoshambulia utumbo, na hapo hakuna kungoja kuche. Mbwa mkubwa naye apelekwe kwa daktari wa mifugo mara moja iwapo tumbo limefura na anajikakamua kutapika bila kutoa kitu, fizi zimepauka, kinyesi ni cheusi kama lami, au hali haibadiliki baada ya siku moja.

Nasema daktari wa mifugo, si muuzaji yeyote wa agroveti. Mmoja alinikabidhi dawa ya minyoo kabla sijamaliza kueleza shida, wala hakuuliza mbwa ana kilo ngapi. Nilimrudishia.

Mfugaji wa mbwa,
Kisumu